Firefox Beta au Nightly?
Wenye haraka ya kuonja toleo lijalo la kivinjari cha Firefox wana njia mbili. Beta ni toleo linalokaribia kutoka: hitilafu zipo, ila chache. Nightly ndiyo jikoni kwenyewe. Huundwa upya kila siku, kwa kawaida mara mbili, na kilichofanya kazi asubuhi kinaweza kugoma jioni. Hata hivyo, tangu toleo la 67 la mwaka 2019, kila Firefox iliyosakinishwa hutumia wasifu wake (folda ya mipangilio na data zako), hivyo alamisho zako za kawaida haziguswi. Ila usihamishe wasifu ovyo: ukishafunguliwa na toleo jipya, la zamani hukataa kuupokea. Kwa kazi ningechukua Beta. Nightly naiachia wanaofurahia kuripoti hitilafu.