Leseni ya utafiti wa viinitete: mfumo wa NACOSTI ni mwepesi, mzigo uko kwenye faili

Huduma ya mtandaoni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya iliyo Upper Kabete, Nairobi, karibu na Waiyaki Way, inastahili sifa: unafungua akaunti, unapakia nyaraka, unalipa, basi. Leseni hudumu mwaka 1. Ila kwa viinitete vya binadamu, yaani mayai yaliyorutubishwa yanayoanza kukua, kazi halisi hutangulia hapo.

Bila barua ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa na tume, usianze kujaza chochote. Kamati ndiyo itakayokubana. Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Tarajia kuulizwa kiinitete kilicho kwenye sahani ya maabara kina hadhi gani, na jibu liwe limeandikwa tayari. Eleza kwa nini viinitete vya panya au seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) havitoshi, unahitaji vingapi hasa, na utasitisha ukuzaji siku ya ngapi. Kikomo kinachofahamika ni siku 14, kama ilivyo katika sheria ya Uingereza ya 1990.

Fomu ya ridhaa ya utafiti itengane kabisa na ile ya matibabu ya uzazi. Wenzi wote 2 wanaotoa viinitete watie saini, na ionyeshe wanaweza kujiondoa hadi hatua gani. Kuchomeka sentensi ya utafiti kwenye fomu ya kliniki ni kosa kubwa: mama aliye katikati ya sindano za homoni hana nafasi ya kukataa kwa uhuru.

Sampuli zikivuka mpaka, andaa pia mkataba wa kuzihamisha.