Kozi ya ruta hapa Tanga: ada kwa mkufunzi, elimu kwa msaidizi

Mkufunzi anayemwambia mtu aliyelipa ada yake "Mama, acha maswali, nakili ubaoni" hafai kufundisha ruta, kile kifaa kinachounganisha mitandao na intaneti. Hafai kufundisha chochote.

Nilijiunga kabla ya vuli kuanza, maana duka langu la Ngamiani limechoka kungoja fundi kila intaneti ikisumbua. Siku hiyo tulikuwa tunaipa ruta ya kampuni ya Cisco anwani, yaani namba za kuitambulisha mtandaoni. Ubaoni palikuwa na mstari mmoja tu, ip address na namba zake. Nikauandika herufi kwa herufi. Ruta ikajibu "Invalid input detected", na kale kaalama ka ^ kakielekeza penye tatizo. Nikarudia, jibu lilelile. Nikauliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona inakataa?" Hata kusogea kuangalia skrini hakusogea. "Umekosea herufi." Nikamsomea moja moja, zote zipo. Ndipo akanitolea kauli ile, mbele ya vijana ninaoweza kuwazaa.

Na jibu lilikuwa jepesi! Msaidizi wake, kijana mpole, akainama pembeni yangu: "Shangazi, amri yako ni sahihi. Tazama alama inayofuata jina la ruta, ndiyo inayosema uko ngazi gani." Ilikuwa #. Hapo unakagua, unapima, unahifadhi, ila mlango wa mtandao, pale panapochomekwa waya, huwezi kuupa anwani. Akaniandikisha configure terminal, kisha interface na jina la mlango. Kila hatua yale maandishi yakabadilika, ikaja config, ikaja config-if. Nikaandika mstari uleule uliokataliwa, ukapita. Akaongeza no shutdown, kwa kuwa milango ya ruta hizi huanza ikiwa imefungwa, na skrini ikatangaza kuwa mlango uko hewani. Jamani, nilifurahi!

Ni kama nyumba zetu: kwenye > uko barazani, unachungulia, enable inakuingiza ukumbini penye #, vyumbani unaingia kwa configure terminal. Amri ya exit inakurudisha hatua moja, end inakutoa vyumbani kote mpaka #. Dakika chache tu, na sasa kila ninapokataliwa najua pa kutazama.

Kwa hiyo nilitaka kuwapa nyota nne. Kijana yule ana thamani ya ada yote.

Lakini hapana. Kipindi kilichofuata tukakuta ruta zilizimwa, na kazi yetu yote imefutika, kwa sababu mkufunzi hakututajia copy running-config startup-config. Amri moja! Bila hiyo mipangilio inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, umeme ukikatika imekwenda. Dukani kwangu hiyo ni siku nzima ya wateja kugeuzia mlangoni. Alipoulizwa, akasema tungeikuta mbele.

Nyota moja, na ni ya msaidizi. Wenye chuo wakimpa yeye darasa, nalipa tena na wanangu nawaleta.