Disk ya Metropolis: efekti za 1927 zimeniacha hoi

Wadau wa muvi za zamani, nimeshaiangalia hii Blu-ray ya Metropolis, muvi ya kimya ya Kijerumani kuhusu jiji la baadaye, ile toleo lililofufuliwa 2010, na nitaongelea efekti tu maana stori yenyewe sijaipenda kivile, pale mwisho bosi na wafanyakazi wanapatanishwa kwa kupeana mikono naona wameharakisha sana. Ila efekti jamani! Muongozaji Fritz Lang kaitoa hii 1927, imepigwa studio za kampuni ya filamu ya UFA kule Babelsberg, Ujerumani, hakuna kompyuta hakuna sauti, na bado kuna shoti unapozi unatafuta palipoungwa hupaoni.

Mfano ule uwanja wa vijana wa kitajiri, kuta zimepanda huko juu na watu chini wanakimbia. Uwanja ule haukujengwa mzima. Jamaa anaitwa Eugen Schüfftan alikuwa anasimamisha kioo cha kujitazamia mbele ya kamera, kimekaa nyuzi 45, halafu anakwangua ule utando wa fedha wa nyuma, ila ni sehemu ile tu anayotaka waigizaji waonekane, basi kamera inawaona waigizaji wako kule mbali kupitia palipokwanguliwa, na kioo kilichobaki kinaakisi jengo dogo la mfano lililowekwa pembeni, vyote vinaingia kwenye filamu kwa wakati mmoja. Hakuna cha kurekebisha baadaye. Ukikwangua vibaya kidogo tu mtu anamezwa na ukuta. Mi nikishajua hivyo nairudia ile shoti na bado macho yangu yanakubali kwamba uwanja upo.

Halafu zile pete za mwanga zinazopanda na kushuka kwenye mwili wa roboti kabla hajapata sura ya Maria, yule msichana anayewahubiria wafanyakazi (kaigiza Brigitte Helm, na ndani ya lile vazi la roboti ni yeye pia). Pete zilipigwa peke yake kwenye giza, filamu ikarudishwa nyuma ndani ya kamera, ikapigwa tena juu ya picha ileile, tena na tena. Günther Rittau alikuwa mmoja wa wapigapicha wa hii kazi. Na zile barabara za juu za jiji, magari ni ya mfano, yanasogezwa kwa mkono kidogo kidogo fremu kwa fremu, siku kadhaa za kazi kwa sekunde chache tu za muvi.

Kuhusu ubora wa picha, sehemu kubwa ni safi sana. Vipande vilivyokuwa vimepotea na sasa vimerudishwa, kama dakika 25 hivi, vimetoka kwenye kopi ya milimita 16 iliyopatikana Buenos Aires, Argentina, 2008, hivyo vina mikwaruzo mingi na fremu ina ukingo mweusi. Wengine inawaudhi, mimi nashukuru hawakuvipaka paka vikafanana na vingine, unajua kabisa hapa naangalia kilichonusurika.

Sabtaito za Kiswahili hamna, na disk si ya bei rahisi. Ila muziki ni ule wa Gottfried Huppertz wa tangu mwanzo, umepigwa na okestra nzima, tafuteni spika nzuri. Na wale mnaoediti video, iangalieni taratibu ile simu ya picha ukutani ya Fredersen, yule bosi wa jiji, pale wamerusha filamu kutokea nyuma ya skrini ya simu huku mwigizaji akiongea nayo mbele ya kamera.