Mlango wa mninga uliopimwa kwa tatu, nne na tano

Mlango wangu wa zamani ulianza kukwaruza sakafu katika wiki ya kwanza, kwa sababu aliyeutengeneza alipima pande nne za fremu akaridhika, ilhali pande zinaweza kuwa sahihi na kona zikawa zimelala. Ndiyo maana nilipokwenda katika karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, kuagiza mwingine, nilikaa kumtazama fundi akipima.

Alianza na kona. Alitia alama kwenye sentimita 60 ya ubao mmoja na 80 ya ubao uliokutana nao, akanyoosha futikamba kati ya alama hizo, kisha akaigonga fremu taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka kipimo kikasoma 100 kamili. Ni kanuni ileile ya Pythagoras tuliyoikariri darasani: 60, 80 na 100 ni tatu, nne na tano zilizozidishwa kwa 20; tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, na jumla yake, 25, ni tano mara tano, basi pembe iliyo katikati haina budi kuwa pembe mraba. Baadaye aliipima fremu nzima, urefu sentimita 210 na upana 90, kutoka kona hadi kona kwa njia zote mbili, na kila mara akapata 228 na nusu. Nimepiga hesabu mwenyewe: vipimo hivyo vingepishana kwa sentimita 1 tu, fremu ingeegemea upande kwa zaidi ya sentimita 1, na mlango ungekwama.

Kilichonigusa zaidi ni nakshi ya juu. Alichora duara kwa bikari, na bila kubadilisha upana wa miguu yake akaitembeza juu ya mstari wa duara. Hatua ya sita ikaangukia palepale alipoanzia. Haikuzidi wala kupungua, kwa kuwa pembetatu sita za pande sawa hukutana katikati ya duara na kuzijaza nyuzi zote 360. Kutoka kila alama alichora tao, likatokea ua la petali sita ambalo hakuna aliyelikadiria kwa jicho. Nililitazama hadi mtoto wa fundi akaniletea kigoda.

Nililipa shilingi 850,000. Kazi ilichelewa siku sita, na msasa wa karibu na bawaba ungeweza kuwa laini zaidi. Lakini bawaba zilifungwa wima kabisa kwa timazi: ukiufungua mlango nusu ukauachia, hausogei mbele wala nyuma, unabaki hapohapo.