GAD-7 kwa zahanati za Moshi: dodoso zuri, lakini lisomwe kwa Kiswahili cha watu

Karatasi moja, maswali saba, dakika chache. GAD-7, dodoso la kupima wasiwasi, ilitoka mwaka 2006 na kuitumia hakuhitaji malipo wala kibali. Kwa zahanati isiyo na daktari wa magonjwa ya akili, inasaidia sana kumtambua mgonjwa anayerudi kila mwezi akilalamikia moyo, ilhali presha na vipimo viko sawa. Anaulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 21. Kuanzia 5 wasiwasi ni mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. Akifika 10, achunguzwe zaidi.

Tatizo huanzia kwenye tafsiri. Jibu la alama 2, likigeuzwa neno kwa neno, huwa "zaidi ya nusu ya siku". Mgonjwa anasikia saa: wasiwasi ulioanza asubuhi ukaisha saa tisa. Msomee hivi: "siku nane au zaidi kati ya kumi na nne". Na "kushindwa kupumzika"? Mama anayetoka shambani Kibosho akaingia moja kwa moja jikoni atakubali papo hapo, kwa kuwa hana nafasi ya kukaa. Swali linataka kujua kama akikaa, mwili na akili vinatulia. Neno ni "kutulia".

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba alama haisemi aina. Dodoso lilitengenezwa kwa wasiwasi wa jumla, ule wa kuwaza ada, afya na mvua karibu kila siku kwa miezi sita au zaidi, na huo linaukamata vizuri. Shambulio la hofu ni jingine: moyo unakwenda mbio, pumzi inabana, vidole vinakufa ganzi, na ndani ya dakika chache hofu imefika kileleni. Kati ya shambulio na shambulio mtu anaweza kuwa shwari akapata 6. Akianza kuogopa kupanda Coaster ya Arusha asije akazidiwa humo akashindwa kushuka, fikiria agorafobia, yaani hofu ya mahali ambapo ni vigumu kutoka au kupata msaada. Kijana anayekimbia vikao vya harusi kwa kuogopa kupewa nafasi ya kusema naye anaweza kupata alama ndogo, kwa sababu ameshakwepa kinachomtisha. Kwa hiyo andika swali la nane kwa kalamu: "Kuna kitu au mahali unapakwepa kwa sababu ya hofu?" Hili usiliingize kwenye jumla.

Kabla ya kuandika wasiwasi kwenye faili, angalia tezi ya shingo, upungufu wa damu, kahawa anayokunywa na salbutamol ya pumu. Vyote huweza kuupeleka moyo mbio. Dodoso haliulizi kuhusu kujiua. Uliza mwenyewe, waziwazi.

Mahali linapong'aa ni kwenye kufuatilia tiba. Sertraline, dawa ya kutibu wasiwasi, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wengi huiacha mapema wakidhani haifai, wakakimbilia diazepam, dawa ya kutuliza ambayo mwili huizoea. Pima siku ya kwanza, rudia wiki ya nne, umwonyeshe mgonjwa karatasi zote mbili.