Karata "orijino" zisizo na ree ya shupaza: uzoefu wangu

Naandika nikiwa bado nimefura, kwa hiyo atakayeona nimezidisha chumvi, shauri yake.

Nilinunua pakiti ya karata za plastiki kwenye duka moja Kariakoo, pale Mtaa wa Kongo. Likizo imeanza, watoto watatu ndani, simu yangu haipumui: mama nipe simu, mama zamu yangu. Nikasema basi, likizo hii watacheza karata kama tulivyocheza sisi. Elfu saba. Nilijaribu kuomba apunguze, kijana akagoma: "Dada, hii orijino, hata ukiimwagia chai unafuta tu." Nikalipa. Risiti sikupewa, na wala hakuonekana mtu mwenye nia ya kunipa.

Niseme haki: karata zenyewe ni nzuri. Hazikunjiki, zinateleza vizuri mkononi ukizichanga, na mtoto wa miaka mitano alizikanyaga zikabaki vilevile. Siku za mwanzo tulicheza lasti kadi tu, maana ndiyo inayoeleweka haraka. Kwa sheria za kwetu, ukitupiwa mbili unalamba mbili, yaani unaziokota kwenye kitita, na ukibaki na karata moja bila kutangaza, umekwisha, unalamba. Kitinda mimba alikuwa akitangaza "lasti kadi" akiwa na karata nne mkononi, na hakuna aliyethubutu kumrekebisha. Watoto walicheka mpaka usiku, na simu ilikaa kwenye chaji hadi nikaisahau. Kama ningeandika siku zile, ningewapa nyota zote tano na kumsifu yule kijana.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Tanga.

Mama mkwe ni mtu wa wahedi wa sitini. Lasti kadi kwake ni ya watoto. Akawaambia wajukuu waondoe nane, tisa na kumi zote, awafundishe mchezo wenyewe. Kwa wasioujua: zinabaki karata arobaini, ree (ile yenye A) ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2 (wazungu ni zile zenye picha za watu), nyingine zote ni garasa, hazina pointi. Jumla pointi 120, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda. Kila mtu anashika karata tatu, anayekula, yaani anayeshinda karata za mkekani, ndiye anayelamba kwanza, na karata moja inafunuliwa chini ya kitita kuwa turufu, aina inayozipiga nyingine zote. Kwa mtoto wa shule ya msingi hakuna zoezi la kujumlisha linaloingia kichwani kama hili. Mkubwa wangu yuko darasa la sita, na hesabu za daftarini humtoa machozi, lakini mkekani alikuwa anajumlisha 11 na 10 na 4 kwa kuangalia tu.

Usiku huo umeme ulikuwa umekatika, tunatumia taa ya chaji. Bibi na wa kati upande mmoja, mimi na mkubwa upande wa pili, kitinda mimba analinda karata zilizoliwa. Turufu ikawa shupaza, ile alama nyeusi kama moyo uliopinduliwa. Sasa kila mchezaji wa wahedi anajua, turufu ikiwa shupaza basi ree ya shupaza ndiyo mfalme wa mkeka, na mpaka itoke hakuna anayetupa saba yake ovyo. Tukaingoja. Bibi akabania saba ya shupaza raundi nzima, ananitazama mimi, mimi namtazama mkubwa. Kitita kikaenda kikiisha. Kwenye kulamba kwa mwisho, bibi kalamba, mimi nimelamba, wa kati kaondoka na ile turufu ya chini, mkubwa ananyoosha mkono: hakuna karata.

Tukamaliza hivyohivyo, tukahesabu. Bibi 57, sisi 52. Mkubwa akasema hapohapo, "Haifiki 120, imekosekana 11. Kuna mtu ana ree." Na macho yakaenda kwa bibi, maana bibi alikuwa amekalia pindo la kanga.

Bibi akamtazama. "Mume wangu, leo unaniita mwizi?"

Alisema kwa utani, lakini si wote. Mkeka ukainuliwa, mito ikapekuliwa, bibi mwenyewe akasimama akakung'uta kanga mbele ya wajukuu, mtu mzima yule, na mimi nimekaa pale natamani ardhi ipasuke. Ndipo wa kati akaliendea fungu la nane, tisa na kumi lililowekwa kando. Likawa na karata kumi na tatu badala ya kumi na mbili. Tisa za uru, zile za almasi nyekundu, zilikuwa mbili. Mbili! Na ree ya shupaza haikuwahi kuwemo tangu kiwandani.

Sasa oneni ubaya wa kasoro hii. Ukihesabu pakiti nzima unapata 52, kamili kabisa. Ukicheza lasti kadi, nani atajua kwamba tisa za uru zimepita mbili? Lakini mchezo wa kutafuta jozi, ule wa kufunika karata zote na kufunua mbilimbili, ambao ndio hasa wa yule mdogo, nao umekufa: mwishoni zinabaki ree moja na tisa moja zikitazamana, na mtoto analia kwamba kaonewa.

Nikarudi dukani. Safari hii sikuwa dada tena.

"Karibu mama."

Nikamweleza taratibu. Akachukua pakiti, akalamba dole gumba, akahesabu kwa migongo, haraka kama mhasibu wa benki, bila kufunua hata karata moja. "Hamsini na moja, hamsini na mbili. Zimetimia mama."

Nikamwambia sijasema hazijatimia, nimesema ree ya shupaza haimo na tisa ya uru zipo mbili. Nikamtolea zote mbili, nikaziweka kaunta, ubavu kwa ubavu. Akaziangalia. Akasema, "Kwani mimi ndiyo kiwanda?" Nikamwomba afungue pakiti nyingine anitolee ree tu, au anibadilishie pakiti. "Nikikufungulia hiyo, nitamuuzia nani?" Halafu akanionyesha kwa kidevu kipande cha boksi kilichoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mteja mmoja aliyekuja kununua chaja akacheka. Na muuzaji, kwa kuona amepata msikilizaji, akaongeza: "Au nyumbani mnacheza kamari mama, mbona unaumia hivyo kwa karata moja?"

Nimevaa baibui, nimeshika mkono wa mtoto, naulizwa kama nacheza kamari.

Ningeondoka na heshima yangu, lakini alikuwa hajamaliza. "Chukua maka peni, andika A kwenye tisa moja, maisha yaendelee."

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba ushauri wake ulifanya kazi. Tulifika nyumbani, mkubwa akaandika herufi kubwa nyeusi juu ya tisa moja ya uru, akachora na alama ya shupaza pembeni. Migongo inafanana, kwa hiyo hakuna anayeijua ikiwa mkononi mwa mwenzake. Tukacheza wahedi jioni nzima, pointi zikafika 120, bibi akatufunga mara kwa mara kama kawaida yake. Nikaanza kupoa. Nikasema labda nilikuwa mkali mno, kijana wa watu naye ameajiriwa tu, mwenye duka hayupo, angefanyaje.

Lakini wino haukai kwenye plastiki! Ile sifa ya kumwaga chai ukafuta ndiyo hiyohiyo iliyotuumiza. Joto la Dar, mikono ya watoto ina jasho, ikashikwa ikashikwa, katikati ya mchezo wa kesho yake bibi anatupa ree, inafika mkekani ni tisa. Wa kati mikono myeusi, mkubwa anadai tisa si karata ya mchezo huu, irudi. Ugomvi upya. Hapo huruma yangu kwa yule kijana ikaisha kabisa.

Kuna jirani ameniambia ninunue Uno niachane na kero. Uno ninaikubali, mtoto akijua rangi na namba ameshaelewa. Aliibuni kinyozi mmoja wa Ohio, Marekani, Merle Robbins, mwaka 1971, na inasimuliwa kwamba chanzo kilikuwa mabishano yake na mwanawe juu ya sheria za mchezo unaofanana sana na lasti kadi yetu. Basi hata kwao walianza kwa kugombana. Ila Uno haina wahedi ndani yake, na mimi siwezi kumwambia mama mkwe aanze kujifunza rangi.

Ukinunua karata, usihesabu. Fungua palepale kaunta, kabla hujatoa hela, uzipange kopa peke yake, uru, shupaza, pau, ree mpaka mzungu wa nne. Muuzaji akinuna, anune.

Nyota: karata nne, kwa sababu mkononi ni nzuri kweli. Hapana, tatu, karata isiyo na ree ni nzuri kwa nini? Huduma sifuri. Na ukichanganya na lile swali la kamari, yote kwa pamoja nawapa moja.

Shemeji anapita Mtaa wa Kongo akitoka kazini. Nimempa ile tisa ya uru, imeoshwa inang'aa. Akipewa ree ya shupaza nitarudi hapa kubadilisha nyota. Asipopewa, nimemwambia aiache kaunta, juu ya kile kipande cha boksi.