Kaunta ya Jiwe la Kuvutia Macho: Lipi la Kununua Kwanza, Lipi la Kuacha

Katika nyumba nyingi mpya za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, ukuta uliokuwa ukitenganisha jiko na sebule umeondolewa, kwa hiyo mgeni akishaketi huiona kaunta ya jiko kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana wenye nyumba wanatafuta jiwe lenye michirizi mipana au rangi isiyozoeleka, jiwe linalotosha kuwa pambo la chumba kizima. Mwongozo huu unayapanga mawe kwa kipimo kimoja tu: je, uzuri uliolipiwa utabaki baada ya miaka ya kukamua ndimu, kumwagikiwa na ukwaju na kuwekewa sufuria zilizotoka motoni? Jiwe la namna hii, hata hivyo, likae mahali pamoja. Ikiwa kaunta ya katikati ndiyo yenye michirizi, kaunta za pembeni ziwe za rangi moja na vigae vya ukutani visiwe na maua, la sivyo jicho halitajua pa kutulia.

Nafasi ya kwanza naipa graniti, na sijali kwamba wapambaji wengine wanaiona kuwa imepitwa na wakati. Kilichochosha watu ni graniti ya madoadoa ya kahawia iliyojaa kila mahali, si graniti yenyewe. Black Galaxy, inayochimbwa Chimakurthi katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, ni nyeusi yenye chembe za dhahabu zinazomeremeta taa ikiwashwa. Blue Pearl ya Larvik nchini Norway, ambayo wauzaji huiweka katika kundi la graniti ingawa wanajiolojia huiita larvikiti, hutoa mng'ao wa buluu na fedha kadiri mtu anavyosogea. Mawe haya huvumilia joto la sufuria, hayakwaruzwi kwa urahisi na kisu, na asidi za kawaida za jikoni hayazijali. Tahadhari ipo kwa graniti nyeusi za bei ya chini, kwa kuwa nyingine hupakwa rangi ili weusi ukolee. Sugua sehemu iliyofichika kwa pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Pamba ikitoka nyeusi, tafuta muuzaji mwingine.

Kwatzaiti, jiwe la asili lisilopaswa kuchanganywa na kwatzi ya kiwandani, inafuata, na kwa uzuri pekee ingeshinda. Azul Macaubas ya Brazili ina michirizi ya buluu inayofanana na maji yanayotembea, na ugumu wake hufikia takriban 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, wakati marumaru iko karibu na 3. Kinachoishusha ni bei: jiwe lenyewe ni ghali, na ugumu huohuo hufanya misumeno ya fundi kuwa butu, naye hulipiza katika gharama ya kukata. Isitoshe, marumaru huuzwa mara nyingi kwa jina la kwatzaiti. Omba kipande kidogo, kidondoshee maji ya ndimu na ukiache kwa dakika kadhaa. Mahali palipofifia au palipotoa mapovu panakuambia kwamba hilo si kwatzaiti. Kwatzaiti halisi pia hukwaruza kioo.

Ya tatu ni terazo ya kumwagwa, chaguo ambalo wengi hulidharau kwa sababu wanalikumbuka kwenye sakafu za ofisi za serikali. Fundi mzuri anaweza kuchanganya vipande vikubwa vya marumaru ya kijani, nyeusi na waridi ndani ya saruji nyeupe, akapata kaunta ambayo haipo kwa mtu mwingine yeyote, tena bila kiungo kinachoonekana. Saruji hunyonya mafuta na huathiriwa na asidi, hivyo dawa ya kuziba vinyweleo lazima ipakwe na kurudiwa.

Kwatzi ya kiwandani, ambayo kwa kawaida huwa na asilimia 90 au zaidi ya mawe yaliyosagwa na kugandishwa kwa resini, yaani gundi ya plastiki, naiweka ya nne. Hainyonyi mchuzi wala manjano kwa urahisi, na hilo ni jambo kubwa katika jiko la pilau na mchuzi wa nazi. Lakini resini huungua sufuria ya moto ikiwekwa moja kwa moja, na juani hubadilika rangi, kwa hiyo haifai kwa jiko la uani. Vumbi linalotoka jiwe hili likikatwa bila maji linaweza kusababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Australia ilipiga marufuku mawe haya tarehe 1 Julai 2024. Ukinunua, hakikisha karakana inakata kwa maji na mafundi wamevaa barakoa zinazofaa.

Marumaru inakuwa ya mwisho kwa jiko, ingawa Calacatta ya Italia na Nero Marquina ya Hispania hazina mshindani kwa michirizi. Ndimu, siki na nyanya hula uso wake na kuacha alama zisizong'aa, na dawa ya kuziba vinyweleo huzuia madoa, si ulaji huo. Ipeleke kwenye sinki ya kunawia mikono ya wageni, ambako itapendeza bila kuteswa.

Usinunue kwa sampuli ya ukubwa wa kiganja. Nenda uone bamba zima likiwa limesimama kwenye mwanga wa mchana, kisha mwombe fundi achore kwa chaki mahali sinki itakapokatwa, maana mara nyingi tundu hilo humeza mchirizi uliokupendeza. Jiwe la unene wa sentimita 3 lina uzito wa karibu kilo 80 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kaunta ya mita 2.4 kwa 0.9 hukaribia kilo 175. Seremala alijue hilo kabla hajajenga kabati. Uliza pia kama bei ni ya futi, ya mita ya mraba au ya bamba zima, na kama kukata tundu, kung'arisha kingo na kusafirisha vimo ndani yake, kisha vyote viandikwe kwenye risiti ya malipo ya awali.